VILATO VYA MKONO: UZURI WA KITU KISICHO NA MAMBO MENGI



Mu vijitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya mahari, ngoma, majina ya watoto na heshima kwa wazee. Ni mambo makubwa, na wenzetu wanayaandika vizuri. Leo tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya kitu kidogo, kitu ambacho hakiwezi kukaa chini zaidi ya pale kinapokaa: kilato. Tena hatutazungumza juu ya kila kilato. Tutazungumza juu ya kile kinachotengenezwa kwa mkono na kordonye wetu wa hapa Bukavu, ku barabara, ku soko ya Kadutu, ao chini ya baraza ya nyumba ya mtu.

Sababu ya kuandika ni jambo lililotupata sisi wenyewe ku shule, na halitupatii sifa. Asubuhi moja, wanafunzi wakiwa mu mstari mbele ya bendera, tulimsimamisha kijana wa mwaka wa tatu. Alikuwa amevaa sandali za mpira wa gari. Sheria ya shule ilisema: vilato vyeusi vya kufunga. Tukamwambia mbele ya wote kwamba hapa ni shule, haiko soko. Wenzake wakacheka. Kijana akarudi nyumbani bila kujibu, na hatukumwona kwa siku nne. Siku ya tano akaja na vilato vya kufunga vya kuazima, vikubwa kupita miguu yake, akitembea sawa mtu anayeburuta mizigo. Kisha tukapata habari kwamba zile sandali alizitengeneza yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ku kazi ya mjomba wake.

Mwalimu anayefundisha historia hawezi kuacha jambo kama lile lipite bule. Tulijiuliza: ile sheria ya vilato vyeusi ilitoka wapi? Na sisi, nani alitufundisha kucheka sandali? Tukaanza kutafuta mu vitabu, na tukaanza kukaa karibu na wazee wa kazi ile. Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. Miguu kabla ya vilato

Babu zetu wengi walitembea miguu wazi. Ngozi ya ng'ombe na ya mbuzi ilikuwapo, lakini watu waliivaa ku mwili ao kuilalia. Ngozi ya mguu yenyewe ndiyo ilikuwa kilato. Mtu aliyezoea kupanda milima yetu tangu utoto alikuwa na kisigino kigumu, na hakuona haya juu yake, kwa sababu kila mtu alikuwa vile.

Lakini tusidanganyane. Mguu wazi una adui wengi: mwiba, funza, jiwe, matope ya mvua. Historia ya mashariki yetu ina mfano mmoja ambao wanafunzi wanaupenda. Mwaka 1870 David Livingstone alikuwa mu Maniema, akitafuta mto Lualaba. Alikuwa amevuka nchi nyingi, kati ya homa na vita. Kilichomsimamisha ni vidonda vya miguu. Mwezi wa saba alirudi Kabambare, na akabaki pale mu nyumba mpaka mwezi wa kumi, karibu siku 80, hawezi kuweka mguu chini. Mtu aliyejulikana mu Ulaya nzima alishindwa na kitu kilicho chini ya kifundo cha mguu. Tunapowapa wanafunzi habari hii, tunawaambia: muheshimu miguu, maana safari yote imekaa juu yake.

Wakati ule ule misafara ya watu wa pwani ilikuwa imefika Nyangwe na Kasongo. Pamoja na lugha hii tunayoiandika leo, na pamoja na mabaya makubwa ya biashara ya watumwa, walileta pia desturi zao za mavazi. Ku pwani watu walijua makubadhi, yaani sandali za ngozi zilizoshonwa kwa mkono, na mitalawanda, yaani vilato vya mbao vya kuvaa nyumbani. Mwenye msafara aliweza kuvaa sandali. Yule aliyebeba pembe ya ndovu ku bega alitembea miguu wazi, na mtumwa vilevile. Kwa hiyo tangu mwanzo, huku kwetu kilato kiliingia na maana mbili: kinalinda mguu, na kinaonyesha nani ni mkubwa.

2. Kilato kinakuwa cheo

Wakati wa Wabelgiji ile maana ya pili ikameza ya kwanza. Mu vita ya kwanza ya dunia, askari wa Force Publique walitoka huku kwetu Kivu wakaenda mpaka Tabora, wakaingia mu mji ule tarehe 19 mwezi wa 9 mwaka 1916. Ukiangalia picha za wakati ule utaona askari wengi wenye kofia, bunduki na mkanda, lakini chini ni miguu wazi. Ofisa mzungu pembeni yao amevaa buti mpaka ku goti. Nyuma yao kulikuwa na wapagazi zaidi ya 200,000, na wengi hawakurudi. Hakuna mtu aliyefikiri kwamba miguu yao ilihitaji kitu.

Baada ya vita ya pili, serikali ya kikoloni ilianzisha kadi kwa wale walioitwa évolués: mwaka 1948 kadi ya mérite civique, na mwaka 1952 immatriculation. Kabla ya kukupa karatasi, wakaguzi waliweza kuingia mpaka ndani ya nyumba yako, kuangalia kitanda, meza, namna ya kula. Mu hali kama ile, kilato cheusi cha kufunga kwa kamba, kilichopakwa siraji mpaka kinang'aa, hakikuwa nguo tena. Kilikuwa ushahidi. Baba zetu waliokuwa makarani na walimu walijua kwamba mzungu anaanza kuwaangalia ku miguu. Mu maduka ya miji yetu kulikuwa vilato vya Bata, kampuni iliyoanza mu mji wa Zlín mwaka 1894, na kununua jozi ya kwanza ilikuwa siku ya kukumbukwa mu jamaa.

Sasa tukaelewa ile sheria ya shule yetu ilitoka wapi. Haikutoka ku babu zetu, wala haikutoka ku elimu yenyewe. Ilitoka ku wakati ambapo Mwafrika alipashwa kuonyesha kwamba ameendelea.

Uhuru ulikuja mwaka 1960, lakini kilato kikabaki cheo. Mu Kinshasa, vijana wa Sape, na marehemu Papa Wemba akiwa kama baba yao mpaka kufa kwake mwaka 2016, walifanya vilato vya J.M. Weston kuwa karibu kitu cha ibada. Hatuwadharau. Mtu aliyedharauliwa miaka mingi ana haki ya kung'aa. Lakini tunaona kwamba bado ni lugha ile ile: uniangalie ku miguu ndiyo unijue. Na tulio wakubwa tunakumbuka mwaka 1996 na 1997, watoto kadogo walitembea kutoka huku mashariki mpaka wakaingia Kinshasa tarehe 17 mwezi wa 5 mwaka 1997, wengi wao na mabuti ya mpira ya kulimia. Watu wa Kinshasa walishangaa yale mabuti. Lakini ndiyo yaliyovuka nchi nzima.

3. Safari ya mpira

Hapa ndipo kordonye wetu anaingia mu historia, na anaingia kwa mlango ambao hatukuutazamia.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hati ya ufundi wake wa mpira wa gurudumu wenye hewa ndani. Ulaya na Marekani wakaanza kutafuta mpira kwa njaa. Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili tangu 1885, na misitu yetu ilikuwa na mimea ya mpira. Tunajua kilichofuata, hasa mu misitu ya Equateur: wanaume walitumwa msituni, wanawake wakashikwa rehani, mikono ikakatwa, vijiji vikachomwa. Mwaka 1908 Ubelgiji ikaichukua koloni, lakini jambo la mpira halikuisha kabisa. Mwaka 1942, Wajapani waliponyang'anya mashamba ya mpira ya Asia, watu wetu walirudishwa msituni kutafuta mpira kwa ajili ya vita, na kazi ya lazima ikapandishwa mpaka siku 120 kwa mwaka.

Sasa ufikiri jambo hili. Gari linaharibu mpira wake ku barabara zetu mbaya. Mpira unatupwa. Kordonye anauokota ao anaununua kwa bei ndogo, anaukata, na unakuwa sandali ya mtu anayetoka Walungu na mzigo wa makala. Kweli, mpira wa magari ya leo haukutoka ku misitu yetu. Unatoka zaidi Asia, na sehemu kubwa inatengenezwa mu viwanda kwa mafuta ya petroli. Hata hivyo, kile kitu kilichokata mikono ya babu zetu, leo mkono wa fundi wetu ndio unakikata. Hatujui somo la historia lililo fupi kuliko lile.

Jirani zetu wa Rwanda wanaziita rugabire. Ndugu wa Tanzania wanasema katambuga, na wa Kenya wanasema akala. Kila nchi ilipata jina lake, maana kila nchi ilikuwa na magari mabovu, njia ndefu na mafundi wenye akili.

4. Kazi yenyewe

Tulienda kukaa na mzee mmoja wa Kadutu, mara nyingi siku ya posho baada ya masomo. Alikuwa na kisu, jiwe la kunolea, nyundo, misumari midogo, chuma cha miguu mitatu cha kugongea, sindano mbili kubwa, uzi na nta ya nyuki. Ni vyote. Vinaingia mu sanduku moja la mbao, na lile sanduku ndilo anakalia.

Kwanza anachagua mpira. Hapendi ile ya kisasa yenye nyuzi za chuma ndani, juu inavunja kisu na inatoboa mguu. Anatafuta ile yenye nyuzi za kitambaa. Mteja anaweka mguu juu ya karatoni, fundi anapitisha makaa pembeni, na ile picha ya mguu inakatwa. Kisha anachovya kisu mu maji. Tulidhani ni kwa kukisafisha. Hapana. Kisu kikavu kinashikwa na mpira, kisu chenye maji kinapita. Anakata mara moja, polepole, bila kurudia, juu pembe iliyokatwa mara mbili haiwi sawa.

Mpira wa gari umepinda kwa sababu ulikuwa duara. Mtu asiyejua kazi anahangaika kuunyoosha. Mzee hauunyooshi. Anaweka ule mpindo uinuke kidogo mbele ya vidole na nyuma ya kisigino, na mguu unatembea ndani yake sawa mtoto mu mgongo wa mama. Mikanda ya juu inatoka ku mpira wa ndani wa gurudumu. Anapasua tundu ndogo kuliko mkanda, anauvuta kwa nguvu, na mpira unashika mpira. Msumari mmoja ao miwili unamaliza, nao ncha yake inapindwa ili isiguse mguu.

Vilato vya ngozi ni kazi ndefu zaidi, lakini roho yake ni ile ile. Anashona kwa uzi mmoja na sindano mbili, kila tundu linapitiwa kutoka pande mbili. Alituonyesha sababu. Ku mashine, uzi ukikatika fasi moja, mstari unaanza kufunguka. Kwa mkono, mshono mmoja ukifa, wenzake wanabaki na kazi yao. Uzi anaupaka nta ya nyuki ili maji ya mvua yasiuoze upesi.

Siku moja tulimuuliza, kwa nini vilato vyake havina pambo. Hakuacha kukata. Akajibu: "Mwalimu, miye natosha. Natosha, natosha, mpaka inabakia tu ile yenye haiwezi kutoka. Kama unatosha kitu na kilato inaendelea kutembea, ile kitu ilikuwa ya bule."

5. Kutosha na kutosha

Lile jibu tulilipeleka ku darasa. Wasomaji wanajua kwamba mu Kiswahili chetu cha Kivu, kutosha ni kuondoa: tosha ile kiti hapa. Ku Kiswahili cha vitabu, kutosha ni kuenea, kuwa kiasi kinachohitajiwa: chakula kinatosha. Miaka yote tumewasahihisha wanafunzi kwa kalamu nyekundu juu ya neno lile. Fundi ambaye hakusoma nasi alituonyesha kwamba maneno mawili yanaweza kuwa rafiki. Anatosha mpaka inatosha. Anaondoa mpaka kile kinachobaki kinaenea. Ndiyo uzuri wake wote.

Lakini mwenzetu mmoja wa salle ya walimu alitukatalia, na neno lake lilikuwa na uzito. Alisema: "Munasifu umaskini. Yule mzee hakuchagua kukosa pambo, umaskini ulimchagulia. Mpe pesa, utaona kama hatavaa vilato vya duka." Hatukuwa na jibu siku ile, tukarudi ku mzee.

Mzee alicheka. Akasema kweli, mpira ni mzito, siku za kwanza unachubua mguu, na mtu akiwa na pesa anaweza kununua kile anapenda. Yeye mwenyewe ana vilato vya ngozi vya siku ya Mungu, alivyovishona mwaka mtoto wake wa kwanza alipooa. Akavitoa mu mfuko. Tulikuwa tunangoja kuona mapambo. Hakukuwa na kitu: ngozi ya rangi moja, imekuwa nyeusi kidogo kwa mafuta ya mikono, mshono ulionyooka sawa mstari wa daftari, na soli iliyobadilishwa mara tatu. Pesa alikuwa nayo ile siku, na ngozi nzuri alikuwa nayo. Alitosha vilevile.

Tukaelewa tofauti. Umaskini unakunyima vitu bila kukuuliza. Ufundi unakufundisha kuuliza kila kitu: wewe una kazi gani hapa? Kwa nje vinaweza kufanana, lakini uvivu na haraka havipo mu kilato cha fundi. Kitu kisicho na pambo hakina fasi ya kuficha kosa. Mshono ukienda upande, kila mtu anauona. Ndiyo maana kitu chepesi ku macho kinaweza kuwa kizito ku mkono.

6. Kinachoweza kupotea

Tusifunge macho. Vilato vya plastiki vinavyotoka mbali, na vile vya tombola ambavyo jirani wanaviita mitumba, vinauzwa bei ambayo kordonye hawezi kuishindana. Sehemu kubwa ya siku yake sasa ni kubandika soli za vilato vya watu wengine kwa kole, vilato ambavyo vilitengenezwa ili vife upesi. Vijana hawaji kujifunza. Wazazi wanasema: sikukusomesha ili ukae juu ya sanduku. Na sisi walimu tumechangia. Tumefundisha mtoto kwamba mkono ni kwa yule aliyeshindwa kalamu, ingawa mishahara yetu wenyewe, kwa miaka mingi, ilitoka mu prime ya wazazi, na kati ya wale wazazi kulikuwa makordonye.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, bila kelele. Moja, wazazi wampeleke mtoto, hata wakati wa vakansi tu, akae karibu na fundi wa mtaa ajifunze kunoa kisu na kushona mshono mmoja ulionyooka. Pili, walimu wa historia waweke kazi za mikono mu masomo, pamoja na wafalme na vita. Tatu, shule zetu zifikiri tena juu ya sheria za vilato.

Ile ya tatu tuliipeleka mu mkutano wa shule. Tulipendekeza sheria iseme "vilato safi na imara", basi. Majadiliano yalikuwa marefu. Wengine walisema tutaharibu sura ya shule mbele ya watu. Tulipiga kura, tukashindwa kwa kura tatu. Tutarudi tena mwaka kesho.

Kwa yule kijana hatukungoja kura. Tulimwita, tukamwomba radhi mbele ya darasa lile lile lililocheka. Si jambo rahisi kwa mwalimu wa umri wetu. Yeye aliona haya kuliko sisi, akaangalia chini. Tukamwagiza jozi moja ya ngozi, tukakubaliana bei bila kuomba kupunguziwa. Alipima miguu yetu ku karatoni ya sabuni, kwa makaa, sawa alivyofundishwa. Baada ya wiki mbili alileta. Ni vilato vyeusi, vya kufunga, kama sheria inavyotaka. Havina kitu juu. Tunavivaa kila siku mbele ya mstari wa asubuhi, na mpaka leo hatujaona kitu cha kutosha.